Magugu, Dawa na Simbilisi Wetu

Nimeombwa nizungumze juu ya magugu kwa sababu ya yale yaliyompata mwenzetu mwaka jana. Simbilisi wake 11 walikufa kwa siku 2. Alikuwa amewakatia nyasi kando ya ua wa jirani, na jirani alikuwa amepuliza dawa ya magugu asubuhi ile. Nyasi bado ilikuwa mbichi, haionyeshi kitu. Tulipoomba dawa yenyewe tumwonyeshe daktari wa mifugo, tuliletewa chupa ya soda. Jina hakuna, karatasi ya maelezo hakuna. Daktari angetibu nini? Na nyumba ile ina watoto wadogo, jameni.

Simbilisi hawezi kutapika. Akishameza sumu, ndiyo basi. Tena mwili wake hautengenezi vitamini C, sawa na sisi wanadamu, kwa hivyo majani mabichi ni lazima kila siku. Huwezi kusema utampa pumba tupu mpaka dawa iishe. Ndiyo maana nasema, mahali unapolisha pasipulizwe kabisa. Ukiona nyasi imeanza kuwa njano upande mmoja wa njia, usikate hata upande wa pili. Uliza kwanza.

Kuna wanaomwaga oili chafu ya gari penye magugu, na wengine chumvi. Magugu yatakufa, ni kweli, lakini na udongo umekwenda.

Sisi wa Miritini tuna jambo jingine la kuangalia. Hapo jirani, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi 2014. Madini ya risasi yakaingia katika udongo na katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia. Risasi haiozi kama takataka. Basi usikate majani mahali kama hapo, wala kando ya barabara ya malori. Kuosha huondoa vumbi la juu tu.

Sasa tufanyeje? Ng'oa kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa laini, kabla gugu halijatoa mbegu. Ndago ina viazi chini, hiyo chimba kwa jembe na urudie. Usitegemee siku moja. Halafu tengeneza kizimba chepesi kisicho na sakafu, ukihamishe kila siku. Wanyama wenyewe watafyeka. Ukoka wanaupenda, mchunga pia, na kishona nguo kikiwa kichanga.

Lakini kabla ya kukiweka, pita ukiangalia chini. Lantana, mnanaha, mbarika na mnyaa wa ua, yote ni sumu. Unapong'oa mnyaa linda macho, utomvu wake unaunguza. Usiyatupe mabua karibu na kizimba, maana yakinyauka sumu haitoki.

Nyasi iliyokatwa ikirundikwa hupata joto na kuchacha, inawafanya matumbo kujaa. Kata ya siku hiyo tu.

Jumamosi tutaanza na uwanja wa kikundi, kila mtu aje na jembe lake. Na mwenye chupa isiyo na jina nyumbani asiimwage mtaroni. Aifungie mbali na watoto, aniambie, tutamwuliza afisa wa kilimo.