Betri Ikichoka Hubadilishwa, Ikivimba Huondolewa

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wananchi wa Kata ya Nyalikungu, Wilaya ya Maswa



Nimepewa nafasi ya kuzungumzia betri ya kompyuta mpakato. Huenda mwingine akajiuliza jambo hili linaihusu vipi Halmashauri. Linaihusu kwa sababu kompyuta hizi zimekuwa nyenzo ya kazi katika kata yetu. Mwenye steshenari huchapa barua na maombi ya wananchi, chama cha msingi hutunza kumbukumbu za wakulima wa pamba, na mwalimu huandaa mitihani. Wapo pia walimu waliokabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022. Vifaa hivi vinazeeka, na mara nyingi sehemu inayotangulia kuchoka ni betri.

Betri hizi ni za lithiamu. Ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani, na wanasayansi watatu waliozifanyia kazi walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Hubeba umeme mwingi katika umbo dogo, lakini umri wake una kikomo. Baada ya kuchajiwa na kutumika kikamilifu mara 300 hadi 500, nyingi huwa zimepoteza sehemu ya uwezo wake. Joto huharakisha uchovu huo. Kompyuta inayochajiwa juu ya godoro, au kuachwa chini ya bati saa nane mchana, huzeesha betri yake kabla ya wakati.

Ndugu wananchi, naomba tutofautishe mambo mawili. Betri iliyochoka ni gharama. Betri iliyovimba ni hatari. Iliyochoka huisha chaji upesi, na umeme ukikatika kompyuta huzimika papo hapo na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Iliyovimba huinua kibodi, huifanya kompyuta isifunge sawasawa, au huachanisha kioo cha kishikwambi na fremu yake. Ndani yake kumejaa gesi. Ikitobolewa, ikikandamizwa au ikiendelea kuchajiwa, inaweza kuwaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Hata viwanda vikubwa havijasalimika: mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kusitisha utengenezaji wa simu ya Galaxy Note 7 duniani kote kwa sababu betri zake zilikuwa zikishika moto.

Kabla ya kununua betri mpya, hakikisha kwanza kwamba tatizo ni betri na si chaja au soketi. Kwa kompyuta yenye Windows, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti itakayotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa mwanzo ilikuwa 48,000 na sasa ni 19,200, imebaki asilimia 40. Hapo unayo sababu ya kuibadilisha, na huna sababu ya kuitupa kompyuta nzima.

Unapokwenda dukani, chukua namba ya betri iliyoandikwa kwenye lebo yake. Jina la kompyuta pekee halitoshi, kwani kompyuta mbili za jina moja zinaweza kutumia betri tofauti. Volti zilingane na za betri ya awali: ya volti 14.8 haiwekwi mahali pa ile ya 11.1. Dai risiti ya mashine na dhamana ya maandishi. Betri bandia zipo, na bei ya chini mno ni dalili mojawapo. Ukibaini umeuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kushughulikia suala hilo.

Kompyuta za zamani zina betri inayochomolewa kwa kusukuma vibano viwili chini yake; hiyo mwenyewe unaweza kuibadilisha. Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, kisha toa betri. Za kisasa zina betri ndani, chini ya mfuniko wenye skrubu, na nyingine zimegandishwa kwa gundi. Hizo mpelekee fundi mwenye uzoefu. Asiwepo mtu wa kuichokonoa betri kwa kisu au bisibisi, hasa iliyovimba.

Sasa niseme neno kuhusu betri ya zamani, maana hapa ndipo majirani wanapohusika. Wengi wetu tunachoma taka kwenye shimo nyuma ya nyumba, na watoto hucheza karibu. Betri ya lithiamu ikitupwa humo inaweza kulipuka, na masalia yake huchafua udongo. Kanuni za usimamizi wa taka za kielektroniki za mwaka 2021 zinataka taka hizi zikusanywe na wenye kibali. Funika ncha za betri kwa selotepu, iweke kwenye chombo cha chuma chenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na watoto na jua. Kisha muulize aliyekuuzia mpya kama anapokea za zamani, au umwone Afisa Afya wa Kata akuelekeze.

Ikitokea betri imeanza kutoa moshi, usiikimbilie kwa mikono. Watoe watu nje, zima umeme kwenye swichi kuu kama njia ni salama, na piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, bila malipo.

Nawaomba kila mmoja akifika nyumbani leo aiweke kompyuta au kishikwambi chake juu ya meza iliyo sawa na kukitazama kwa upande. Kikilala sawa, endelea kukitunza. Kikinesa au kikiwa na uvimbe, kizime, usikichaji tena, na usilale nacho chumbani usiku wa leo.