Ufunguo Usioonekana: Maneno ya Siri Katika Kazi za Parokia Zetu

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia kutoka wilaya za Mbulu na Hanang)



Mada yetu inahusu neno la siri, ambalo wengi siku hizi huliita nywila. Huenda mtu akauliza neno la siri lina uhusiano gani na maendeleo ya parokia. Jibu letu ni kwamba fedha za waumini, taarifa za wagonjwa na watoto tunaowahudumia, na imani ya wafadhili wetu, vyote vimefungwa kwa neno hilo.

Tuanze na jambo mnalolijua. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vina sanduku lenye kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Hakuna anayesema kwamba kina mama hao hawaaminiani. Kinyume chake, kufuli humlinda mtunza sanduku asije akashukiwa bure. Barua pepe ya parokia nayo ni sanduku. Swali ni hili: lina kufuli ngapi, na funguo ziko kwa nani?

Hatari iko wapi

Mtu akilipata neno la siri la barua pepe ya parokia, si lazima aibe siku hiyo hiyo. Mara nyingi hukaa kimya akisoma barua zinazoingia na kutoka. Siku mfadhili anapoandika kwamba fedha za kisima ziko tayari, mwizi hujibu kwa jina la parokia: tumebadilisha benki, tumeni kwenye akaunti hii mpya. Barua imetoka kwenye anwani ile ile, imemtaja padre kwa jina, na imekitaja kisima. Mfadhili atajuaje? Fedha zikipotea kisima hakichimbwi, na kina mama wanaendelea kupoteza nusu ya siku wakifuata maji. Tena kamati iliyofanya kazi kwa uaminifu hubaki ikijitetea.

Kwa hiyo tunawaomba wafadhili wetu jambo moja. Mkipata barua inayobadilisha namba ya akaunti ya benki, msitume fedha kabla ya kutupigia simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Kwa nini maneno yetu ni dhaifu

Mwaka 2009 maneno ya siri zaidi ya milioni 32 yaliibwa kutoka kampuni moja ya Marekani iitwayo RockYou. Yalipochunguzwa, lililotumiwa na watu wengi kuliko yote lilikuwa 123456. Wezi huanza na orodha kama hizo, tena hawabahatishi kwa vidole bali kwa kompyuta inayojaribu maneno mengi sana kwa muda mfupi.

Sisi nasi tuna mazoea yetu: jina la parokia na mwaka, jina la mtakatifu msimamizi, jina la mlima na tarakimu mbili. Wengine hutumia jina la mtoto wa kwanza. Lakini kwetu mtu huitwa Mama Fulani au Baba Fulani, kwa hiyo jina hilo hutangazwa njiani kila siku! Wapo pia wanaofikiri kwamba neno moja la Kiiraqw au la Kidatoga latosha, kwa kuwa mgeni halijui. Ni kweli mgeni halijui, lakini mwizi si lazima awe mgeni.

Namna ya kutunga neno lililo imara na linalokumbukwa

Zamani tulifundishwa kuchanganya herufi, namba na alama, kisha kubadilisha kila baada ya miezi michache. Matokeo yake watu waliandika neno lile lile na kuongeza 1, kisha 2. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kuhimiza utaratibu huo. Siku hizi ushauri ni urefu, na kubadilisha pale tu penye dalili kwamba neno limevuja.

Njia nyepesi ni kutumia maneno matano ya kawaida yasiyohusiana. Msiyachague kwa kichwa, maana kichwa hupenda mambo yake. Mmoja ataje namba ya ukurasa bila kutazama, mwingine afungue kamusi hapo na kuchukua nomino ya kwanza mnayoijua. Rudieni mara tano. Tuseme mmepata: mwiko, punda, kengele, ukungu, ndizi. Sasa tungeni picha kichwani: punda aliyebeba mwiko anapiga kengele ndani ya ukungu akitafuta ndizi. Ni kichekesho, na ndiyo maana hakisahauliki. (Mfano huu umeshachapishwa, kwa hiyo usitumike.)

Je, njia hii ina nguvu kweli? Herufi ndogo 8 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu hutoa michanganyiko kama bilioni 208. Maneno matano, hata yakitoka kwenye orodha ya maneno 2,000 tu, hutoa michanganyiko zaidi ya mara 150,000 ya hiyo. Lakini msitumie aya ya Biblia au kiitikio cha kwaya, kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kupangwa na kila mtu anayajua.

Kila akaunti iwe na neno lake. Neno lililovuja mahali pamoja hujaribiwa kwingine kote. Kisha ongezeni kufuli ya pili: huduma nyingi za barua pepe hukubali kutuma namba ya uthibitisho kwenye simu kila mtu anapoingia kwa kifaa kipya. Namba hiyo haisomewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki au wa kampuni ya simu.

Simu na steshenari

Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu. Inatulinda kwa sababu huduma hufungwa mtu akikosea mara chache. Lakini aliyetumia mwaka wake wa kuzaliwa amempunguzia mwizi kazi hadi chini ya majaribio 100, na anayemjua hahitaji hata kumi. Wazee wetu wasimpe wakala simu pamoja na namba ya siri, hata akiwa kijana mpole.

Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" upelekeni, pamoja na namba ya tapeli, kwenda 15040 ya TCRA. Mkipiga *106# mtaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu.

Vijana wetu wengi hufunguliwa barua pepe steshenari wanapoomba kazi au mkopo wa masomo, na neno la siri hutungwa na mwenye kompyuta. Hilo si kosa, ila kijana akifika nyumbani alibadilishe siku hiyo hiyo.

Nani atunze ufunguo

Mhazini anaweza kuhamishwa, kuugua, au kuitwa na Bwana. Neno lililokuwa kichwani mwake peke yake huondoka naye. Liandikwe kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha, na viongozi wawili wasaini juu ya gundi. Bahasha ikae kwenye kasha la parokia, na ifunguliwe mbele ya mashahidi. Kuandika si dhambi. Dhambi ni kubandika ukutani.

Tena bahasha ya pili ikae mji mwingine. Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang lilishuka Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80 na kusomba nyumba na vilivyomo. Tunaendelea kuwaombea marehemu wetu. Msiba huo umetufundisha pia kwamba kumbukumbu za jamii zisikae mahali pamoja.

Maazimio tunayoyapendekeza

Kabla ya kikao kijacho, kila kamati ifanye mambo matatu: itunge neno jipya la maneno matano, iwashe uthibitisho wa simu, na iweke bahasha mbili zilizosainiwa. Kiongozi akibadilika, neno nalo libadilike siku ya makabidhiano, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari.

Kumbukeni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetuwajibisha kutunza taarifa za watu. Lakini hata pasipo sheria, jina la mgonjwa au la yatima tuliloandikiwa ni amana. Aliyetukabidhi ametuamini.