Gurudumu la Mbele Halitaki Ubabaishaji

(Mazungumzo na wanafunzi katika karakana ya shule, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya mikono. Nimeona nisiisifu kwa maneno matupu, bali nieleze kazi moja: kuhudumia beringi na breki ya diski ya gurudumu la mbele katika pikipiki ya zamani. Mfano wangu ni Honda CB750, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969. Ilikuwa miongoni mwa pikipiki za kwanza kutengenezwa kwa wingi zikiwa na breki ya diski ya mafuta mbele. Ninayo moja ya mwaka 1975, na bado inatembea.

Kwa nini gurudumu la mbele? Unapofunga breki, uzito wa chombo na wa mpandaji huhamia mbele. Gurudumu la nyuma huwa jepesi, na la mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha.

Tuanze na beringi. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, weka kigogo chini ya injini ili gurudumu liinuke. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza kwenye ekseli, au ukilizungusha likakwaruza, beringi zimekwisha.

Ndani ya habu mna beringi mbili, na katikati yake kibomba cha kuzitenganisha. Ekseli ikikazwa, nguvu hupita kwenye miviringo ya ndani ya beringi na kwenye kibomba hicho, gololi zisibanwe ubavuni. Pikipiki yangu niliinunua ikiwa imetoka gereji moja ambayo sitaitaja. Beringi zilikuwa mpya kabisa, lakini gurudumu halikuzunguka hata nusu duara. Nilipofungua, kibomba hakikuwemo. Beringi hizo zingenikamia barabarani.

Kuzitoa, ondoa sili, fungua pete yenye uzi kama ipo, sogeza kibomba kando kidogo, kisha gonga beringi kutoka upande wa pili, huku kidogo na kule kidogo. Iliyogongwa hivyo isirudishwe. Soma namba yake kabla ya kwenda dukani. Kwa mfano, 6302 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje milimita 42 na unene milimita 13. Beringi mpya igonge kwenye mviringo wa nje tu. Ukigonga wa ndani, pigo hupita kwenye gololi na kuacha vishimo katika njia yake. Ingiza beringi ya kwanza, kibomba, kisha ya pili.

Sasa breki. Vumbi la pedi za zamani huweza kuwa na asbestosi. Usilipulize, lifute kwa kitambaa kibichi. Kalipa ya CB750 ina pistoni moja, nayo imeshikwa na mkono unaocheza kwenye pini. Pini ikishika kutu, pedi moja huisha haraka kuliko mwenzake. Isafishe, uipake grisi inayovumilia joto. Mipira ya pistoni ioshe kwa mafuta ya breki, si kwa petroli, maana petroli huivimbisha.

Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa. Breki ikipata moto, maji hayo huchemka, na mvuke hubonyea. Unabana mkono wa breki unafika kwenye usukani, chombo hakisimami. Badilisha mafuta kila miaka 2, na yasiguse rangi.

Kutoa hewa, vika nipeli mpira unaoonyesha ndani, ncha yake izame kwenye mafuta safi. Msaidizi abane mkono wa breki na kuushikilia; wewe fungua nipeli, funga, ndipo aachie. Rudieni mpaka mapovu yaishe, mkiongeza mafuta juu yasikauke. Kabla ya kuondoka, bana mpaka mkono uwe mgumu, kisha jaribu polepole uwanjani.

Wadogo zangu, wengi wenu mtarudi nyumbani leo kwa bodaboda. Nyingi zina breki za ngoma mbele, lakini beringi na kibomba zinazo vilevile. Abiria hawezi kuviona. Amemwachia fundi roho yake. Anayefanya kazi hii ovyo kwa sababu imefichika ndani ya habu asiitwe fundi.

Kwa wenzangu nina ombi. Karakana hii haina spana ya kupimia nguvu ya kukazia nati, wala kivutio cha beringi. Tusiachane leo kabla hatujachangia vitu hivyo viwili. Jumamosi ya kwanza baada ya likizo nitaileta pikipiki yangu hapa, ninyi vijana muifungue kwa mikono yenu.