Kalsiamu ya Damu Haitoshi Kuwa Ushahidi: Tezi za Parathiroidi na Mlo wa Karagwe na Kyerwa



Katika semina moja ya lishe, msomi ninayemheshimu alisimama akasema hivi: watu wa Karagwe na Kyerwa wanakula ndizi na maharage, maziwa wanayapata wachache, lakini ukiwapima damu utakuta kalsiamu iko sawasawa; kwa hiyo miili yao imeshazoea, tuwaache. Akapigiwa makofi. Mimi sikupiga, na leo nimekuja kueleza kwa nini.

Madaktari mliopo mtanivumilia nikipita haraka. Shingoni, nyuma ya tezi ya thiroidi, kuna tezi nne ndogo za parathiroidi, kila moja ya miligramu 30 hadi 50 hivi. Tangu 1993 tunajua kwamba seli zake zina kipokezi kinachohisi kalsiamu ya damu. Kalsiamu ikiwa ya kutosha, kipokezi kinaizuia homoni ya tezi hizo isitoke kwa wingi. Ikipungua hata kidogo, kizuizi kinalegea na homoni inamwagika papo hapo. Homoni hiyo inaufanya mfupa uachie madini, inaiamuru figo irudishe kalsiamu na kutupa fosfeti, tena inaifanya figo itengeneze vitamini D iliyo tayari kwa kazi, ili utumbo ufyonze zaidi. Matokeo yake, kalsiamu huru ya damu hubaki kati ya milimoli 1.1 na 1.3 kwa lita, mtu awe ameshiba au ana njaa.

Hapo ndipo hoja ya mwenzangu inapoanguka. Anachokipima ni kazi ya tezi, halafu anakipa chakula sifa. Ni kama mzee anayeuza ng'ombe mmoja mmoja kulipia ada za watoto: risiti za shule zote ziko safi, na zizi linapungua. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno, mahali ambapo kipimo chake hakikuchungulia. Angepima homoni yenyewe tungekuwa na la kuzungumza.

Na hao “waliozoea” ni akina nani hasa? Kitabu ninachokipenda kuliko vyote kuhusu nchi hii, pamoja na majivuno yote ya mwandishi wake, ni cha mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke, kilichochapishwa mwaka 1863. Speke alifika kwa Rumanyika, mtawala wa ufalme wa Karagwe, Novemba 1861. Aliwakuta wanawake wa ukoo wa mtawala wakinenepeshwa kwa maziwa hadi kusimama ikawa shida. Akatoa kamba akampima shemeji mmoja wa Rumanyika, mkono, kifua na paja, bila haya. Pembeni, binti wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa chunguni huku baba yake ameshika fimbo ili asiache. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina takriban miligramu 1,200 za kalsiamu. Huyo binti huenda alikuwa akimeza zaidi ya kile ambacho wataalamu wa leo wanapendekeza. Nje ya boma, mkulima wa migomba alikula ndizi, ambayo kalsiamu yake ni haba mno. Ufalme mmoja, tezi zilezile, mizigo miwili tofauti kabisa. Kisha sotoka ya miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe, na hata wenye maziwa wakabaki bila maziwa. Mazoea gani hayo ya kale tunayoambiwa?

(Speke huyohuyo aliua vifaru hapa akampelekea Rumanyika vichwa. Tezi hizi zilionekana kwanza kwa kifaru mwingine, aliyepasuliwa London na Richard Owen. Kwa binadamu zilielezwa na Ivar Sandström wa Uppsala mwaka 1880.)

Sitaficha ushahidi unaonitatiza. Kule Keneba, Gambia, wajawazito waliokuwa wakipata miligramu 300 hadi 400 tu kwa siku walipewa vidonge vya kalsiamu. Maziwa yao hayakuongezeka kalsiamu, watoto hawakukua zaidi, na mifupa ya akina mama wenyewe ilionekana kupungukiwa madini wakati wa kunyonyesha. Hilo ni zito. Lakini linasema jambo kuhusu kidonge kinachomwagwa ghafla juu ya mwili uliojipanga. Halisemi kwamba uhaba hauna gharama. Nigeria, kwenye jua tele, watoto wamepata matege kwa kukosa kalsiamu, na wakapona walipopewa.

Hapa kwetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia wanawake 11,000 wa Dar es Salaam wenye mimba ya kwanza. Miligramu 500 za kalsiamu kwa siku hazikuonekana kuwa dhaifu kuliko 1,500 katika kuzuia shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba. Nusu gramu! Kiasi hicho hakihitaji chungu cha Rumanyika.

Bibi yangu kule Kyerwa alitulazimisha kula dagaa na kichwa chake, na mjukuu aliyetema mfupa hakuongezewa ndizi. Nimepima hoja za pande zote na bado niko upande wa bibi. Dagaa wa Ziwa Victoria wanafika kwenye magulio ya wilaya hizi mbili, na huliwa mifupa na yote. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapima wajawazito wetu homoni ya parathiroidi kabla na baada ya msimu mmoja wa kula dagaa kila siku. Mwenzangu wa semina yuko safu ya tatu; namwomba tuiandike hiyo kazi pamoja.