Mwanafunzi wa Fildi Jikoni: Nani Anamfundisha Upishi?



Nimeombwa nizungumzie safari ya kijana kutoka chuoni hadi kuwa mpishi wa kulipwa. Maana ya mpishi isitucheleweshe. Jiko la hoteli tunalijua lilivyogawanywa: jiko la moto, jiko la baridi, nyama, mikate na keki. Mfumo huu wa vitengo tumeurithi kwa Mfaransa Auguste Escoffier (1846–1935), na ngazi zake bado ni zilezile, kuanzia komii hadi mpishi mkuu. Milango ya kuingilia nayo tunaijua: VETA yenye ngazi zake tatu, Chuo cha Taifa cha Utalii, na kwa majirani zetu, Kenya Utalii College, iliyoanza mwaka 1975. Wapo pia walioanza kwa kuosha masufuria wakapanda, na VETA imewawekea utaratibu wa kurasimisha ujuzi wao wapate cheti. Hayo yatoshe.

Muda uliobaki nauomba kwa ajili ya fildi.

Mtaala unamtaka mwanafunzi akajifunze kwa vitendo hotelini. Akifika anapokelewa na afisa utumishi, anapewa aproni, anapelekwa jikoni, na mpishi wa zamu, ambaye oda zimemzidi, anamwonyesha gunia la viazi. Kumenya viazi si kosa, wote tumemenya. Kosa ni kumenya hadi siku barua ya kumaliza fildi inapochapwa.

Nitaeleza daftari moja la fildi, bila kutaja hoteli wala chuo. Kurasa za wiki nzima zilijazwa kwa kalamu moja na, kwa macho yangu, kwa kikao kimoja: leo nimeshiriki kuandaa mboga, leo nimeshiriki kuandaa mboga. Kwenye safu ya tathmini, kukata kuku kulipewa “vizuri sana”, na sahihi ilikuwa ya ofisi ya utumishi, ambako sidhani kama kumewahi kukatwa kuku. Tulipompa binti mwenye daftari hilo kuku mzima atoe vipande vinane, alikita kisu katikati ya mfupa wa paja, chembe za mfupa zikajaa kwenye nyama. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba paja hukunjwa kwa nyuma mpaka kichwa cha mfupa kichomoke, kisha kisu kikapita kwenye kiungo bila kutumia nguvu. Ni huyohuyo aliyetutajia bila kusita kwamba chakula kisiachwe kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, kwa sababu hapo bakteria huzaliana haraka. Kipimajoto chenyewe hajawahi kukishika.

Waajiri wana hoja, nami naiheshimu. Minofu ni ghali, na mgeni hakulipa ili mwanafunzi ajifunzie kwenye chakula chake. Lakini yapo ambayo si ya gharama. Kanda hii ya kaskazini hufurika wageni Juni hadi Oktoba, na wakati wa masika, Aprili na Mei, baadhi ya kambi za mbugani hufungwa. Vyuo hutoa wanafunzi kwa kufuata ratiba ya mitihani. Mwanafunzi akija Julai hakuna wa kumfundisha. Akija Aprili hakuna cha kupika. Hili tumelisema kwenye vikao vilivyopita, likaingia kwenye muhtasari, na muhtasari ukathibitishwa kwenye kikao kilichofuata.

Nionavyo, darasa tunalo na tunalidharau: kantini ya wafanyakazi. Gramu 120 za mchele kwa mtu ni kilo 12 kwa watu 100. Mwanafunzi akikosea hesabu hiyo, atajua kabla foleni haijaisha. Huko atajifunza kubana bajeti na kupangia mabaki matumizi. Na walaji wa kantini hawana adabu ya mgeni, maharage yakiungua wanasema. Hoteli nyingi humpeleka mwanafunzi huko kama adhabu.

Napendekeza basi, bila kuifunga taasisi yangu, kwamba daftari lisainiwe na mpishi wa kitengo aliyemwona mwanafunzi akifanya kazi. Kila kitengo kiwe na kazi chache za lazima zinazoshuhudiwa: kukata kuku, kupaa samaki, kutengeneza supu ya mifupa, kupima joto la bafe. Vyuo vikae na hoteli kabla ya kupanga kalenda, ili fildi ianze hoteli zinapojiandaa kufungua, menyu mpya zinapojaribiwa. Wanafunzi wakabidhiwe kantini, chini ya msimamizi. Mwanafunzi apewe nauli na mlo, kwa kuwa sare, viatu vya jikoni na kupima afya vimekwisha kumgharimu mzazi. Mkufunzi anayekwenda kumkagua aingie jikoni saa ya kazi, asiishie ofisini kwenye chai. Viazi vimenywe kwa zamu, na wapishi wa kudumu wakiwemo. Na kwa kuwa majadiliano yamepewa dakika kumi tu, narudia lile la sahihi: ofisi ya utumishi ithibitishe mahudhurio, basi.

Nakala za fomu mpya ya tathmini ziko mezani karibu na mlango. Naomba hoteli zilizo tayari ziijaribu kwa muhula mmoja, na wapishi wakuu wake wajiandikishe kwangu kabla ya chakula cha mchana, maana baada ya hapo wengi huwa wameshaondoka.