Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kupima Usalama Kabla ya Kupanda Rwenzori

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi wa dayosisi katika semina ya siku moja ya viongozi wa vijana na waongozaji wa mlimani wanaojiandaa kwa safari ya pamoja na wageni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani.)



Kwa niaba ya ofisi ya miradi tumepewa nafasi ya kuzungumzia jambo moja tu: namna ya kupima usalama kabla hatujafunga mizigo kwenda Uganda.

Kama mnavyofahamu, vijana wetu na wenzao wa Ujerumani wameomba kupanda Rwenzori. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Ni cha tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita juu ya mlima huo. Ni safari ya siku 7 au 8 kwa miguu, kwenye matope, mvua na barafu.

Tangu ombi hilo lilipoletwa, tumepokea maoni ya aina mbili. Wapo wanaosema, "Huko kuna waasi, tusiende." Wapo wanaosema, "Mungu atatulinda, twendeni." Kila upande una watu wazima wenye busara. Lakini pande zote mbili zinajibu swali moja: je, Uganda ni salama? Sisi tunaona swali hilo ni kubwa mno, na swali kubwa mno halina jibu.

Tujitazame wenyewe kwanza

Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, sisi Watanzania tulikuwa ndiyo nchi yenye wasiwasi. Watu walipoteza maisha, intaneti ilizimwa nchi nzima, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Serikali za nje zikatoa tahadhari kwa raia wao. Katika siku hizo, mtu aliyeuliza kutoka mbali "Tanzania ni salama?" hangeweza kupewa jibu la neno moja lililo la kweli. Ukimwambia "ndiyo", unawadharau waliofiwa. Ukimwambia "hapana", unaifanya nchi nzima kuwa mtaa mmoja. Lakini aliyeuliza, "Barabara ya kutoka uwanja wa ndege hadi lango la hifadhi inapitika asubuhi hii?" aliuliza swali ambalo dereva mwenye akili zake angeweza kulijibu.

Kwa hiyo tusiulize habari za nchi. Tuulize habari za barabara, za bonde, na za wiki tunayokwenda.

Historia ya mlima huu

Mwishoni mwa miaka ya 1990 waasi wa ADF waliingia katika milima ya Rwenzori. Juni 1998 walishambulia chuo cha ufundi cha Kichwamba, chini ya milima hiyo, na kuua wanafunzi wapatao 80. Hifadhi ilifungwa kuanzia mwaka 1997 hadi 2001, na UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 1999 hadi 2004.

Baadaye yalikuja mambo mengine. Novemba 2016 mapigano mjini Kasese kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa mfalme wa Rwenzururu yaliua zaidi ya watu 100. Mwishoni mwa mwaka 2021 jeshi la Uganda liliingia mashariki mwa Kongo, kwa makubaliano na serikali ya huko, kuwafuata ADF. Juni 2023 ADF walivuka mpaka na kushambulia shule ya sekondari huko Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Oktoba mwaka huo huo waliua watu 3 ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, kusini mwa milima hiyo.

Katikati ya miaka hiyo, wapo waliopanda Margherita na kushuka wakiwa wazima. Hayo yote ni kweli kwa pamoja. Anayetaja vifo tu anasema nusu, na anayetaja waliorudi salama tu anasema nusu nyingine.

Wapo vijana waliopendekeza tuunganishe na volkano ya Nyiragongo, ng'ambo ya pili. Hilo tumelikataa bila mjadala mrefu. Mji wa Goma, ulio chini ya mlima huo, ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Mahali ambapo wenyewe kwa wenyewe wanagombea nani atawale, hakuna wa kukuhakikishia kwamba mgonjwa wako atashushwa na kufikishwa hospitali.

Nani anabaki na hatari?

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunalipenda neno hili, na mara nyingi tunalitumia kuwakaribisha wageni wa miradi. Lakini tukiangalia matukio ya milimani na mbugani, mara nyingi mwenyeji hakupona.

Machi 1999, katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, waasi waliua watalii 8. Aliuawa pia mtumishi wa hifadhi, Mganda. Juni 2013 watu wenye silaha waliingia usiku katika kambi ya chini ya mlima Nanga Parbat, Pakistani, wakaua wapandaji 10 kutoka nje. Wa 11 alikuwa mpishi wao, Mpakistani. Mei 2018 katika Hifadhi ya Virunga, Kongo, Waingereza wawili walitekwa, na baada ya siku mbili wakaachiwa. Askari kijana wa hifadhi aliyekuwa akiwalinda aliuawa papo hapo. Na wale watatu wa Oktoba 2023 walikuwa wanandoa wageni waliokuwa kwenye fungate, pamoja na mwongozaji wao, Mganda.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, kuwa mbali na barabara siyo usalama. Kambi ya Nanga Parbat ilikuwa mbali na vijiji, na wauaji waliifikia kwa miguu. La pili, na ndilo kubwa, ni kwamba tunapokaa kupima hatari, tunapima ya kwetu tu: bima yetu, tiketi zetu, wazazi wetu. Mpagazi, mpishi na mwongozaji hawamo kwenye mizani. Nao ndio watakaobaki hapo wakati sisi tumekwisha kuondoka, na ndio watakaoulizwa na watu wenye silaha, "Uliwaleta wageni wewe?"

Lakini ndugu zangu, kutokwenda nako kuna gharama, na gharama hiyo pia inawaangukia wao. Wapagazi wa Rwenzori wengi ni Wakonzo wa vijiji vya chini ya mlima. Miaka ile 4 hifadhi ilipofungwa, hakukuwa na mizigo ya kubeba. Ninyi waongozaji wa Kilimanjaro hamhitaji kufafanuliwa jambo hili. Mwaka 2020, wageni walipoadimika kwa sababu ya korona, mlijua maana ya mwezi bila safari. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba kusema "tusiende" ni wema usio na bei.

Jibu linalonunuliwa na njaa

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Anayejua kama njia ni salama si balozi wala gazeti. Ni mtu wa pale. Anajua kama soko la jana lilijaa au watu walifunga mapema. Anajua kama kuna sura ngeni kijijini, kama askari wameongezwa mpakani, kama wachungaji wameshusha mifugo. Tukimpigia simu na kumwuliza, "Vipi, hali shwari?" atasema nini? Atasema, "Shwari kabisa, karibuni." Wala hasemi uongo kwa ubaya. Ana ada ya shule ya kulipa, na anajua kwamba akisema neno moja la mashaka, safari itafutwa na yeye hatapata kitu.

Sisi wenyewe tumewahi kujibu hivyo. Ni nani kati ya waongozaji waliopo hapa ambaye hajawahi kumwambia mgeni "hakuna shida" huku akiona wingu?

Tahadhari kabla ya hatari, lakini tahadhari ya kweli haipatikani kwa mtu ambaye ukweli wake utamnyima chakula. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza, inatubidi tumwondolee hasara ya kutujibu. Ukimwambia mwenyeji kwamba atalipwa sehemu ya ujira wake tukija na tusipokuja, jibu lake linakuwa huru. Hapo ndipo unaweza kuliweka kwenye mizani.

Tuliyokubaliana

Baada ya kushauriana na wenzetu wa Ujerumani, ofisi inapendekeza mambo 6 yafuatayo.

Kwanza, wakati. Miezi ya ukavu Rwenzori ni kama Januari na Februari, halafu Juni hadi Agosti. Lakini Januari na Februari ndiyo miezi ambayo Uganda imekuwa ikifanya uchaguzi mkuu: 2011 na 2016 ilikuwa Februari, 2021 na 2026 ilikuwa Januari. Safari itakuwa Julai.

Pili, ujira wa tahadhari. Wapagazi, wapishi na waongozaji watakaoandikwa watalipwa ujira wa siku 3 hata kama safari itafutwa. Fedha hizo zitatengwa mapema, nao wataambiwa hivyo kwa maandishi kabla hatujawauliza lolote kuhusu usalama.

Tatu, kuuliza watu watatu wasiotegemeana: ofisi ya hifadhi, mwongozaji wa kijijini, na mtu asiye na faida yoyote katika safari, kama vile mwalimu au muuguzi wa eneo hilo. Wakipishana, tunaahirisha hadi tujue kwa nini. Kuuliza si ujinga.

Nne, neno la kugeuka. Mwongozaji wa kwao akisema "turudi", tunarudi, bila kura na bila kumdai sababu mbele ya watu. Mpagazi naye ana haki hiyo hiyo kupitia kwake. Hakuna atakayekatwa posho kwa kusema.

Tano, mpango usiotegemea simu. Uganda ilizima intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na kwetu tumeona. Kwa hiyo, siku na saa ya kushuka itaandikwa na kuachwa langoni na hapa ofisini. Ikipita siku moja bila habari, ofisi inajua nani wa kumfuata, kwa gari gani na kwa fedha ipi. Tukumbuke pia kwamba mlima wenyewe una hatari zake. Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu hospitali ya Kilembe. Mtu akizidiwa kwa sababu ya kimo karibu na barafu, kumshusha ni kazi ya mabega ya watu.

Sita, bima. Bima nyingi hazilipi mtu akienda mahali ambapo serikali yake imemshauri asiende. Wageni wetu watasoma tahadhari ya serikali yao kwa eneo hilo, si kwa nchi nzima, na watatuletea majibu ya kampuni ya bima kwa maandishi. Tumeomba pia wapagazi waingizwe katika bima hiyo hiyo. Jibu halijafika. Likiwa "hapana", tutatafuta bima nyingine, na isipopatikana hatutapanda.

Hitimisho

Kwa hao wanaosema Mungu atatulinda, tunasema amina. Lakini tusimwombe atulinde sisi peke yetu halafu mwenye kubeba mzigo wetu tumwachie bahati yake. Na kwa hao wanaosema tusiende kabisa, tunawaomba wasubiri tupate majibu ya watu wa kule, yaliyo huru.

Uamuzi utatolewa wiki 3 kabla ya siku ya kuondoka. Ukiwa "ndiyo", tutakwenda tukijua ni nani aliyetuambia ndiyo, na kwamba angeweza kutuambia hapana. Ukiwa "hapana", fedha za siku 3 zitatumwa Kasese wiki hiyo hiyo, na vijana wetu watapanda mlima wetu wa hapa nyumbani pamoja na wageni wao. Hakuna aibu katika hilo. Margherita haihami.

Sasa tunakaribisha maswali, na tungependa waongozaji waanze.