Kwa Nini Mchezo Wetu Hauna Mwisho
Maneno ya kikundi cha maigizo mbele ya wanachama, siku ya harambee



Tumesimama kueleza michango yenu kwa kikundi cha maigizo imefanya nini, na kwa nini tumerudi tena kunyoosha mkono. Baadhi yenu mmetuuliza hapo mlangoni: barabara bado mbovu, maji bado ya mgao, ninyi mnaomba fedha za michezo? Swali ni la haki.

Mchezo wenyewe ni mfupi. Tunaucheza siku ya gulio, kando ya soko au nyuma ya ofisi ya kijiji. Tunaanza na mdumange, kwa sababu bila ngoma watu watatupita na mizigo yao. Mhusika mkuu ni mkulima wa kabichi, naye hana jina. Tulimnyima jina makusudi: ukimwita fulani, kesho kijiji kizima kitasema tumemwigiza fulani.

Mkulima huyu amekopa mbegu na mbolea. Kabichi zimestawi, dalali amepanda kutoka Mombo na bei yake. Bei hiyo mnaijua. Lakini hatutaki watu waondoke wakisema deni ndilo lililomfikisha pale, kwani jambo moja peke yake ni nadra kumfikisha mtu huko. Kwa hiyo mnamwona pia halali usiku. Amejitenga na wenzake. Jembe lake zuri amempa mpwa wake, akacheka na kusema, "Mtanikumbuka." Mkewe amesikia, akadhani ni uchovu. Rafiki yake anampiga begani: "Mwanaume wewe, jikaze kisabuni!"

Hapo mchezo unasimama. Mkulima amekaa juu ya tenga tupu, mwongozaji anawageukia watazamaji: "Nani kati yenu angeingia, na angeingia wapi?" Anayejibu hajibu kwa mdomo tu. Anaitwa mbele, anashika nafasi ya mke, ya rafiki, hata ya dalali, na mchezo unarudiwa.

Njia hii hatukuibuni sisi. Augusto Boal wa Brazili aliieneza dunia nzima. Hapa kwetu, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji wa Malya, kule Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakatengeneza michezo kutokana na matatizo ya wanakijiji wenyewe. Kilichotuvutia ni kwamba mtu akishasema neno gumu mbele ya jirani zake, hata kwa kuigiza, siku ya kulisema kweli ulimi hauwi mzito kama zamani.

Katika gulio moja, mama muuza viazi alichukua nafasi ya yule rafiki. Hakutoa nasaha hata moja. Alikaa chini karibu na tenga, akauliza, "Mwanangu, umekula?" Akanyamaza kidogo, kisha: "Unafikiria kujiua?" Uwanja mzima ukatulia. Mzee mmoja akainuka kwa hasira, akasema maneno hayo hayatajwi, ukiyataja unayaita.

Wazee wengi wanaamini hivyo, na hatuwadharau. Muuguzi tuliyekuwa naye alimjibu kwa adabu: kumuuliza mtu waziwazi hakumtii wazo hilo kichwani, na Shirika la Afya Duniani linasema hivyo hivyo. Aliyekuwa nalo peke yake hupata pa kulitua. Mzee hakukubali siku ile. Lakini hakuondoka pia.

Kuna kitu hatukionyeshi kamwe, nacho ni kifo chenyewe. Hatutaji njia, hatuchezi msiba, hatumfanyi marehemu shujaa. Aliyekuja uwanjani akiwa na mzigo huo moyoni asiondoke na picha ya namna ya kufanya. Vijana wetu wanaopenda vilio jukwaani walilalamika sana, tukashikilia.

Kuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, ila inamlaumu anayeficha tu. Kwetu kuna mengi ya kumfanya afiche. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai, hivyo familia ikifika zahanati husema ni ajali, na mgonjwa hurudishwa nyumbani na siri yake. Wenzetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilikitamka kuwa kinyume cha Katiba. Zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani. Wako wanaosema ni majaaliwa, hakuna la kufanya. Sri Lanka, nchi ya wakulima kama sisi, ilipiga marufuku dawa kali za shamba hatua kwa hatua, na katika miaka kama 20 vifo hivyo vikapungua kwa takriban asilimia 70. Usiku mbaya hupita, mtu akisaidiwa kuuvuka.

Sasa fedha. Tuna sharti moja: hatuchezi mahali ambapo hakuna muuguzi au mhudumu wa afya wa kukaa nasi mpaka jioni. Baada ya mchezo watu humfuata mmoja mmoja, wengine wakijidai wanauliza habari za presha. Ukifungua kidonda kisha ukapanda gari ukaondoka, bora usingekuja. Kwa sharti hilo, mwaka huu tumeacha vijiji ambavyo vilitualika.

Tunaomba nauli na posho ya wahudumu hao, mafunzo kwa waigizaji, na mfuko mdogo wa kumsafirisha mgonjwa na ndugu yake hadi hospitali. Milima yetu ina bahati: Lutindi, upande wa Korogwe, inapokea wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Tatizo ni nauli, na aibu ya kuonekana ukishuka huko. Kwa watoto, simu ya 116 ni ya bure. Tunaitangaza kila tuchezapo, nanyi itangazeni majumbani.

Tunataka kuanza Mlalo tarehe 10 Septemba, siku ya dunia ya kuzuia kujiua, kisha Lukozi, Soni na Mtae. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina. Asiye na fedha ila ana gari, aandike hivyo hivyo. Mtae ni mbali.